Cheo cha Harrogate hakivuki geti

Swali: Assalaam aleikum kaka. Mimi ni mama wa Kimombasa, nakaa Leicester mwaka wa kumi na tisa sasa. Kifungua mimba wangu alijiunga na jeshi la Uingereza akiwa na miaka 16. Yuko chuo cha Harrogate na mwezi wa nane anamaliza. Amefanya vizuri mpaka wakampa ukoplo wa chipukizi, na kila Jumapili hunitumia picha amevaa mkanda wake. Akitoka hapo anakwenda Catterick, kisha batalioni ya askari wa miguu. Juzi rafiki yake aliyemtangulia alimpigia simu akamwambia, "Ukifika huku wewe si kitu, ya Harrogate yasahau." Tangu siku hiyo mwanangu hana raha na mimi sina usingizi. Ni kweli wanaanza upya? Watampokeaje? Nimtayarishe vipi? Na hilo gwaride la Catterick niende, au la Harrogate latosha?

Jibu: Waaleikum salaam, dada yangu. Rafiki yake hakumdanganya, ila hakumalizia maneno. Nilivaa magwanda ya jeshi hilo miaka 14, nikatoka nikiwa sajini, na tangu hapo kazi yangu ni ustawi wa askari na familia zao. Vijana wa Harrogate nimewapokea kwa mkono wangu, begi kwa begi. Nimewaona wakiinuka na nimewaona wakivunjika. Nitakujibu kama ninavyomjibu dada yangu wa tumbo moja.

Tuanze na cheo, maana naona ndicho kinachomkosesha raha. Ukoplo wake utaishia kwenye gwaride la mwezi wa nane. Harrogate wana ngazi kamili ya vyeo vya chipukizi, toka koplo usu hadi sajini-meja wa chuo kizima, na vyote ni vyeo vya mafunzo. Kijana aliyeamrisha gwaride lote mbele ya wazazi na yule ambaye hakuwahi kushona hata utepe mmoja wanatoka getini wakiwa sawasawa, askari wa chini kabisa. Haijalishi alifanya vizuri kiasi gani. Batalioni haiwezi kumchukua mtoto wa miaka 17 ikampa amri juu ya mtu wa miaka 25 ambaye ana miaka sita kazini, ana mke na watoto, na pengine ameshasikia risasi zikipita juu ya kichwa chake.

Hili la kuvuliwa cheo lina umri mrefu. Waingereza wamechukua wavulana jeshini tangu enzi na enzi. Baada ya Vita Kuu ya Pili wakawa na vikosi maalumu vya kuwalea, na katika miaka ya 1950 wakaacha kuwaita "wavulana" wakaanza kuwaita "chipukizi". Askari wa miguu walikuwa na batalioni yao ya viongozi chipukizi Oswestry, baadaye Shorncliffe. Wa mizinga walikuwa Bramcote, wa vifaru Bovington, wahandisi Dover. Hapo hapo Harrogate palikuwa na shule ya mafundi wa jeshi tangu 1947. Vita Baridi vilipokwisha jeshi likapunguzwa, vikosi hivyo vikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mwaka 1998 Harrogate ikafunguliwa upya kama chuo cha msingi, hiki alichomo mwanao.

Nimekutana na wazee wengi waliopita Oswestry na Bramcote. Ukiwakuta Jumamosi asubuhi wakinywa chai na wenzao, swali moja tu linatosha kuwafungua: siku ya kwanza kikosini ilikuwaje? Mmoja wao aliniambia kwamba usiku wa mwisho Oswestry alilala akiwa sajini-meja wa chipukizi, mwenye chumba chake peke yake, na fimbo ya ukuu imesimama pembeni ya kitanda. Siku tatu baadaye alishuka Minden, Ujerumani, ambako Waingereza walikuwa na kambi. Koplo aliyempokea alivitazama viatu vyake vinavyong'aa kama kioo, hakusema neno, akamkabidhi ufagio. Adhuhuri wakamtuma stoo akaombe "long stand". Alidhani ni kifaa fulani cha kusimamishia kitu. Mtunza stoo akamjibu sawa, subiri hapo hapo. Akasimama. Ikapita nusu saa. Mwisho mtunza stoo akamwambia haya, kimetosha, rudi kazini. Kwa Kiingereza maneno yale yale yana maana pia ya kusimama kwa muda mrefu. Mzee alipofika hapo alicheka, lakini kwanza alikaa kimya kidogo, na ule ukimya niliuelewa. Alikuwa na miaka 17 na nusu, na siku tatu tu nyuma watu walikuwa wakimsimamia wima kwa heshima.

Mwambie mwanao kwamba watu hao hawakuishia kwenye ufagio. Kila kikosi nilichopitia nilikuta masajini-meja walioanzia katika vyuo vya chipukizi, na ukitazama sababu unaziona. Kijana wa Harrogate wa kozi ndefu amekaa majuma 49 akifundishwa. Anajua ramani, anajua kusimama mbele ya watu akaongea, anajua kupanga kazi ya watu wanane. Utepe wanauchukua, ujuzi haushonwi begani kwa hiyo hauondoki. Ila asiutoe mfukoni siku ya kwanza. Nimeona vijana wazuri wakijiharibia kwa sentensi moja tu: "Harrogate sisi tulikuwa tunafanya hivi." Akiisema mara mbili, chumba kizima kimeshamfunga mlango. Afanye kazi kama alivyofundishwa, anyamaze, na ndani ya mazoezi mawili matatu ya porini koplo wake ataliona lile analoweza bila kuambiwa.

Kabla ya batalioni kuna Catterick. Huko atasomea kazi ya askari wa miguu, na kozi ya waliotoka Harrogate ni fupi kuliko ya wanaoingia wakiwa watu wazima, kwa kuwa sehemu kubwa wameshaifanya. Wenzake wa fani nyingine watatawanyika: wa mizinga Larkhill, wahandisi Minley, wa mawasiliano Blandford, madereva Leconfield, mafundi wa mitambo Lyneham. Yaani lile kundi lililokula pamoja mwaka mzima linakatika vipande siku moja. Wazazi wengi hawalioni hilo kama msiba, lakini kwa mtoto wa miaka 17 ni msiba. Mwachie nafasi ya kuwalilia wenzake.

Jambo ninaloliogopa katika kipindi hiki ni kusubiri. Mtu ameumia goti, au kozi haijaanza, anawekwa kambini bila kazi ya maana, afagie, alinde geti, angoje. Nchi ile ilijifunza hatari ya kusubiri kwa gharama kubwa mno. Katika kambi ya Deepcut, Surrey, kati ya 1995 na 2002 askari vijana wanne waliokuwa mafunzoni walikufa kwa risasi, na wawili wao walikuwa na miaka 17. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2006 na Nicholas Blake ulieleza wazi kwamba wasimamizi walikuwa wachache mno kwa wingi wa vijana, na vijana wenyewe walikaa muda mrefu wakingojea. Mengi yamebadilishwa tangu hapo, na sisemi haya ili nikuzidishie hofu. Nasema ili mwanao akikwambia "mama, sijaanza bado, nangojea tu", usiseme afadhali, apumzike. Uliza anangojea nini, mpaka lini, nani anamsimamia, na mchana wake anaupitishaje.

Sasa nikwambie kile kinachowashinda wengi wakishafika batalioni. Mbio ameshazizoea. Baridi ataizoea. Kufokewa amekuwa nako mwaka mzima. Kinachowashinda ni saa kumi na moja jioni.

Harrogate kila dakika ya siku ina mwenyewe. Wanamwamsha, wanampeleka bwaloni, wanamhesabu, wanamkagua soksi, na usiku koplo anapita kuzima taa. Batalioni inamwona ni mtu mzima. Kazi ikiisha jioni, kila mtu anakwenda zake. Wenye ndoa wanarudi kwao. Wenye magari wanaondoka. Ijumaa mchana kambi inabaki kama soko lililofungwa. Yeye yuko chumbani, hajui mtu, ana mshahara mzima kwenye simu, na hakuna anayemuuliza yuko wapi mpaka Jumatatu asubuhi. Ule uhuru aliokuwa akiuota Harrogate unamkuta bila matayarisho.

Nilikuwa koplo wakati kijana mmoja wa Harrogate alipoletwa kwenye seksheni yangu, mwezi wa Januari, na theluji chini. Kitanda chake alikitandika kama walivyomfundisha, blanketi na shuka vimekunjwa mraba kama mkate wa boflo, juu ya godoro katikati. Wenzake walimcheka, maana batalioni hakuna anayelala hivyo. Akaendelea majuma mawili, kisha akaacha. Mwezi wa pili nikaona kwenye gwaride la asubuhi mkanda wake una tundu jipya, limetobolewa kwa msumari, pembe zake zimechanika. Nikamfokea mbele ya watu kwa kuharibu mkanda wa serikali. Sikumuuliza kwa nini mkanda umekuwa mkubwa.

Jumamosi moja nilipita vyumbani kutafuta funguo za gari, nikamkuta amekaa sakafuni ameegemea kitanda, ana kopo la chuma la jeshi mapajani. Ndani mna tambi za pakiti, zile za bei ya chini kabisa, amezimiminia maji ya moto ya bomba. Hazikuiva hata nusu. Aliponiona alisimama wima na kopo mkononi, akataka kulificha nyuma. Kumbe tangu tarehe kumi na nane hakuwa na kitu. Mshahara ulipoingia alinunua mashine ya michezo ya runinga kwa sababu chumba kizima kilikuwa nayo, akamtumia mama yake kidogo, akanunulia watu vinywaji mara mbili ili wampende, na zikaisha. Harrogate chakula kilikatwa kwenye mshahara kabla haujamfikia, kwa hiyo milo mitatu ilikuwepo tu, kama hewa. Batalioni kila mlo unaulipia pale pale bwaloni. Huna, huli. Hakuna aliyekaa naye akamweleza maana yake, na mimi niliyepaswa kumweleza nilikuwa nimemfokea juu ya mkanda.

Nimeishi na tundu lile la mkanda miaka mingi, na kwa sababu yake kila mzazi anayeniuliza swali lako namwambia habari ya fedha kabla ya habari ya bunduki. Siku ya kwanza ya mshahara batalioni, kabla hajanunua chochote, atenge ya chakula cha mwezi mzima. Na akikwama, upo utaratibu jeshini, hata jina lake kwa Kiingereza linasema waziwazi "askari mwenye njaa", unaomruhusu kula bwaloni akakatwa mshahara ujao. Lazima aombe kupitia wakubwa wake, na wengi wanaona aibu wakanyamaza. Mwambie mapema kwamba aibu hiyo haina maana. Wewe ukimpigia simu usimuulize "umekula?" Atajibu ndiyo, wote hujibu ndiyo. Muulize jana usiku alikula nini, na alikula na nani. Hilo la pili lina uzito kuliko la kwanza.

Kuhusu mapokezi. Askari mgeni batalioni huitwa "crow", yaani kunguru, na jina hilo atalivaa mpaka aje mgeni mwingine. Atachemsha chai ya platuni nzima na atatakiwa akumbuke nani anaweka sukari ngapi. Atapiga deki korido wakati wenzake wamekaa. Lindo la Krismasi na la usiku wa mwaka mpya yaelekea yatamwangukia yeye. Haya, dada, ni utani wa kazi na zamu ya mdogo, kama sisi tulivyokuwa tukitumwa dukani na kila mkubwa wa mtaa. Ayafanye kwa uso mkunjufu. Chai nzuri imewapatia vijana marafiki wengi kuliko medali, na hapo simfanyii mzaha: kijana anayepita kila chumba na vikombe ndiye anayejulikana jina mapema.

Lakini utani una mpaka, na mpaka huo aujue kabla hajafika. Akivuliwa nguo, akipigwa, akilazimishwa kunywa pombe au kitu cha kutapisha, akichukuliwa video ya kumdhalilisha, akishikwa mwilini, akitukanwa kwa rangi yake au dini yake, hapo hakuna utani tena, kuna kosa, na jeshi lenyewe limelikataza. Nimemsikia zaidi ya kijana mmoja akiniambia "lakini kila mgeni hufanyiwa". Hata kama kila mgeni hufanyiwa. Aanze na koplo wake ikiwa si yeye mwenye kosa, au sajini wa platuni. Wakimzungusha, kila kikosi kina afisa wa ustawi mwenye ofisi yake, na yuko padri anayepokea mtu wa dini yoyote na asiye na dini. Nje ya kikosi kabisa kuna simu ya SSAFA, shirika la hisani la kuwasaidia askari na familia zao, ambao hawako chini ya amri ya jeshi, kwa hiyo anachowaambia hakirudi kwa mkubwa wake. Malalamiko rasmi yana muda: ayaandike ndani ya miezi 3 tangu tukio. Yakishughulikiwa vibaya, iko ofisi huru ya malalamiko ya wanajeshi. Miezi 3 kwa kijana anayejikaza kiume inapita kama siku tatu, kwa hiyo tarehe aiandike mahali hata kama hajaamua kulalamika.

Wenye mabinti wanaosoma jibu hili wanisikilize hapa. Desemba 2021 binti wa miaka 19, askari wa mizinga aliyeingia jeshini akiwa na 16 na kupitia Harrogate, alikutwa amekufa kambini Larkhill. Miezi michache kabla alishikwashikwa na sajini-meja mmoja, akaripoti, na mkubwa yule akaachwa na adhabu ndogo ya kiofisi na barua ya kuomba radhi. Hakimu wa uchunguzi wa vifo alisema mwaka 2025 kwamba jinsi jeshi lilivyolishughulikia jambo lile ilichangia kifo chake. Binti yako akisema amesumbuliwa, jambo hilo ni la polisi pia. Usimwambie avumilie mpaka ahamishwe.

Narudi kwa mwanao, kwenye umri wake. Kwa hesabu yangu atafika batalioni akiwa na miaka 17. Chini ya miaka 18 hapelekwi vitani. Haikuwa hivi zamani. Machi 1971 huko Ireland ya Kaskazini waliuawa askari watatu wa Kiskoti wakiwa wamevaa kiraia, mdogo wao akiwa na 17, na baada ya hapo ikakatazwa kuwapeleka huko walio chini ya 18. Lakini kwingine waliendelea kwenda. Juni 1982 kwenye mlima Longdon, visiwa vya Falkland, waliuawa vijana wawili wa miaka 17, na wa tatu alikuwa akitimiza 18 siku ile ile. Uingereza iliridhia mkataba wa kuwazuia watoto wasiingie vitani mwaka 2003, ingawa mpaka leo ndiyo nchi peke yake Ulaya inayoandikisha jeshini kuanzia miaka 16. Wewe kama mama una haki ya kuwa na maoni yako juu ya hilo. Mimi ninayo yangu: miaka 16 ni mapema, na nimesema hivyo mbele ya wakubwa wenye nyota.

Kwa kijana mwenyewe, kinga hii huuma. Batalioni ikiitwa kazini ng'ambo anabaki kambini na kundi dogo la wabaki, pamoja na wagonjwa na wanaongoja kustaafu, anafuta vumbi vyumba vya wenzake. Wakirudi wana hadithi ambazo yeye hamo. Na wenzake wakienda mjini Ijumaa, kisheria hawezi kununua pombe. Mwanao ni Mwislamu, kwa hiyo la pombe linamgusa mara mbili. Nitakwambia ukweli: jeshini glasi ndiyo mkeka wa maongezi, na asiyekunywa lazima atafute mkeka mwingine. Nilipata wangu kwenye timu ya mpira na kwenye mazoezi ya ngumi. Wengine wanaupata kwa kuwa ndiye dereva wa kuwarudisha wenzake usiku. Chakula cha halali kipo, hata pakiti za porini zipo za halali, ila lazima ajiandikishe mapema na kukumbusha tena na tena. Tangu 2005 majeshi ya Uingereza yana imamu, na afisa wa ustawi au padri wa kikosi atampa njia ya kumfikia. Asingoje mpaka Ramadhani imkute porini.

Sasa lile ambalo ningetaka ulikate ulibandike mlangoni mwa friji. Mwanao kabla hajatimiza 18 ana haki ya kuondoka jeshini. Anamwandikia mkuu wa kikosi, na notisi haizidi miezi 3. Hakuna wa kumnyima. Siku anapotimiza 18 mlango huo unafungwa. Tangu siku hiyo anaanza kuhesabiwa miaka 4 ya lazima, yaani hadi atimize 22, na ile miaka aliyotumikia akiwa na 16 na 17 haiingii katika hiyo minne. Akitaka kuondoka mara tu akitimiza 22, lazima awe ametoa notisi ya miezi 12 akiwa na 21. Wazazi wengi walitia sahihi fomu ya idhini bila kuelezwa hivi, na vijana wengi wanasherehekea keki bila kujua kilichowapita.

Tazama jinsi tarehe zinavyobanana. Anafika batalioni, cheo kimeondoka, wenzake wametawanyika, jioni hana mtu, na katika miezi hiyo hiyo michache ndipo anapotakiwa kuamua miaka minne ijayo. Sikushauri umtoe. Vijana walioondoka kwa huzuni ya mwezi wa kwanza nimewaona wakijuta wakiwa na 19, na vijana waliobaki kwa kuogopa kumuudhi mama nimewaona wakihesabu siku mpaka 22. Ninachokuomba ni kwamba miezi miwili kabla ya siku yake ya kuzaliwa muwe na mazungumzo ya ana kwa ana, akiwa likizo, ameshalala siku mbili na ameshakula. Muulize anabaki kwa sababu anaipenda kazi au kwa sababu hajui atafanya nini kingine. Na jibu lolote atakalotoa, lisimgharimu heshima yake nyumbani. Baba na wajomba waambiwe mapema, wasije wakamwita mkimbizi wa jeshi mbele ya watu.

Kwa sasa, kabla ya mwezi wa nane, mfanyie jambo moja. Akikutumia picha ya mkanda na utepe, ihifadhi, uichape, uiweke kwenye fremu ukutani. Ule ukoplo aliupata kwa jasho lake akiwa mtoto, na nyumbani kwako hauna mwisho wa muda. Kisha mwambie wewe mwenyewe, kabla hajaambiwa na koplo wa batalioni, kwamba kule hauvuki geti. Akilisikia kwako litamwingia taratibu.

Na la mwisho uliloniuliza: nenda Catterick. Gwaride la Harrogate ni kubwa, lina bendi na maelfu ya watu, na utalia kama tulivyolia wote. La Catterick ni dogo, watu wachache, mvua karibu kila mara, na viti vya wazazi huwa na nafasi. Wengi hawaji kwa kuwa wanaona sherehe imeshafanyika. Mwanao atavitazama viti vile. Chukua koti zito hata kama ni kiangazi, na uende na mahamri ya kutosha watu wanane, siyo ya mwanao peke yake. Atayabeba kwenye begi kuelekea batalioni, na jioni ile ya kwanza, saa kumi na moja, atakuwa na kitu cha kufungulia mlango wa chumba cha pili.